Kutoka mti wa shambani hadi karakana: Njia ya fundi wa mbao aliyejifunza mwenyewe Meru na Embu

KANDOKANDO ya barabara kuu itokayo Embu kuelekea Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, vibanda vya maseremala havikosekani katika vituo vya biashara. Vitanda, makabati, milango na vigoda hupangwa nje tangu asubuhi, huku unga wa mbao ukitapakaa hadi ukingoni mwa lami.

Si wachache miongoni mwa mafundi hao ambao hawajawahi kuketi darasani kusomea kazi hiyo. Baadhi walianza kwa kumshikia fundi mwingine ubao, wengine kwa kuchonga mipini ya majembe nyumbani, na wengine kwa kuvunja kiti kikuukuu ili waone kilivyoungwa. Hatimaye wakanunua msumeno, wakakopa randa, wakaanza kupokea kazi za majirani.

Hata hivyo, kujua kutengeneza kiti ni jambo moja, na kuishi kwa kutengeneza viti ni jambo jingine kabisa. Wahenga walisema kuwa achanikaye kwenye mpini hafi njaa, lakini katika biashara ya mbao wapo wanaochanika mchana kutwa na bado njaa ikawafuata nyumbani. Aghalabu kinachowaangusha si udhaifu wa mikono yao. Huangushwa na mambo matatu ambayo mteja hayaoni anapotazama samani: unyevu ulio ndani ya ubao, hesabu ya bei, na stakabadhi.

Suala hili lina uzito wake katika eneo ambalo vijana wengi wametegemea kahawa, majani chai na miraa. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mnamo Juni 2014, na Somalia ikafunga soko lake kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, familia za Nyambene zilijionea hatari ya kutegemea zao moja. Ufundi wa mbao ni mojawapo ya kazi ambazo malighafi yake imesimama papo hapo mashambani.

Ujuzi usio na darasa

Kujifunza kazi ya mikono nje ya shule si jambo geni nchini Kenya. Mfano ulio maarufu zaidi ni wa Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu katika eneo la Machakos. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alihudumu katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, akakutana na wachongaji wa huko na kuutazama ufundi wao. Aliporejea kwao baada ya vita, alianza kuchonga vinyago vya kuuza, kisha jamaa na majirani wakamwiga.

Kufikia miaka ya 1950, biashara hiyo ilikuwa imekua kiasi cha kumvutia mtaalamu wa uchumi Walter Elkan, aliyechapisha utafiti kuihusu mwaka wa 1958. Mwaka wa 1963 wachongaji wa Kikamba walioko Mombasa waliunda chama cha ushirika kilichowakusanya mamia ya mafundi chini ya paa moja. Haya yote yalianzia kwa mtu mmoja aliyejifunza kwa kutazama.

Mwaka wa 1966, Baraza la Kitaifa la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule za msingi wangekwenda wapi. Kutokana nayo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo leo vinaitwa vituo vya mafunzo ya kiufundi na husimamiwa na serikali za kaunti. Mnamo 1972, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliifahamisha dunia kwamba mafundi wadogo wasiosajiliwa walikuwa wakizalisha mali na kuajiri watu bila msaada wowote wa Serikali. Sekta hiyo ndiyo Wakenya waliyoipa jina la jua kali.

Meru na Embu nazo zina urithi wao wa mbao uliotangulia useremala wa misumari. Kigoda cha mzee kilichochongwa kutoka kipande kimoja cha gogo, kinu na mchi, mizinga ya nyuki ya Mbeere na Tharaka, pamoja na bakora za wazee, vyote vilitengenezwa kwa shoka, tezo na kisu. Makavazi ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka wa 1974, huhifadhi vifaa vya kitamaduni vya jamii hiyo. Fundi anayetafuta umbo la kigoda ambalo halipatikani dukani anaweza kujifunza mengi kwa kuvichunguza vifaa vya aina hiyo.

Miti inayofaa

Zamani mbao bora zilitoka msituni. Mti ulioipatia Meru sifa ni muuru, ambao wanasayansi huuita Vitex keniensis na wafanyabiashara huufananisha na mwaloni wa Ulaya. Huu ni mti wa asili ya Kenya, na makao yake makuu ni miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Ubao wake ni wa rangi ya kahawia iliyofifia, hauna uzito wa kuchosha, na hukubali randa bila ubishi.

Hata hivyo, siku za kuingia msituni na shoka zimepita. Amri ya Rais ilipiga marufuku ukataji wa miti ya kiasili katika misitu ya umma mwaka wa 1986. Uchunguzi wa angani uliofanywa mwaka wa 1999 ulipoonyesha kuwa maelfu ya miti ya thamani, hasa mikafuri, ilikuwa ikikatwa kiharamu Mlima Kenya, msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa mwaka wa 2000. Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu yote ya umma na ya kijamii. Rais William Ruto alitangaza kuondoa marufuku hayo Julai 2023, hatua iliyozua kesi mahakamani.

Kutokana na misukosuko hiyo, fundi mdogo hana budi kutegemea shamba. Kwa bahati njema, mashamba ya Embu na Meru yamejaa mgrivea, unaojulikana na wenyeji wengi kama mukima. Mti huu ulitoka Australia na uliletwa kutia kahawa na majani chai kivuli. Leo umepandwa mipakani mwa mashamba mengi ya wakulima wadogo. Ubao wake una madoadoa yang'aayo ambayo humpendeza mteja ukipigwa msasa vizuri. Kasoro yake ni kwamba hupinda ukitumiwa mbichi, na unga wake huwawasha watu wengine ngozi.

Miti mingine ya kuzingatia ni mringaringa, ambao wenyeji huuita muringa na kuutumia kwa mizinga. Mjakaranda, ambao wachongaji huupenda kwa kuwa ni laini. Na miti ya matunda iliyozeeka. Katika maeneo ya chini ya Embu, Tharaka na Meru, miembe ambayo haizai tena hukatwa na kugeuzwa kuni. Shina la mwembe hutoa sahani, bakuli na vibao vya kukatia mboga vyenye michirizi ya kuvutia. Lakini linahitaji kupasuliwa na kuanikwa upesi kwa sababu wadudu na ukungu hulivamia mapema.

Wachongaji wa Kikamba walilipata funzo hili kwa njia ngumu. Mpingo na muhugu walizozitegemea kwa miaka mingi zilipopungua, walilazimika kugeukia miti inayokua haraka. Katika miaka ya 2000 mwarobaini wa Pwani ulipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na vinyago vyake vikapokelewa katika masoko ya ng'ambo yanayojali asili ya mti.

Unyevu, adui asiyeonekana

Mti ukiangushwa, maji yaliyomo ndani yake yanaweza kuzidi nusu ya uzito wa mbao yenyewe ikiwa kavu. Ubao wa samani unahitaji kubakia na unyevu wa takriban asilimia 12. Maji yanapotoka, ubao husinyaa, na husinyaa karibu mara mbili zaidi kufuata duara za mti kuliko kutoka kitovuni kwenda nje. Hiyo ndiyo sababu ubao mpana hujikunja kama ganda na kigoda cha gogo zima hupasuka kuelekea katikati.

Fundi wa miteremko ya Mlima Kenya yuko katika hatari ya pekee. Hewa ya Nkubu au ya Runyenjes ina unyevu, hasa katika miezi ya baridi na ukungu kati ya Juni na Agosti. Ubao unaoonekana umekauka huko bado una maji. Kabati likitoka hapo na kupelekwa Isiolo, mji wenye joto na hewa kavu ulio mwendo mfupi tu kutoka Meru, mbao huendelea kusinyaa, viungo hulegea na milango hugoma kufunga. Mteja hatamlaumu Isiolo, atamlaumu fundi.

Njia ya kuepuka fedheha hiyo haihitaji mtambo wa bei ghali. Mbao hupangwa juu ya magogo au matofali, nusu mita hivi kutoka ardhini. Kati ya safu na safu huwekwa vijiti vikavu vyenye unene sawa, vikiwa vimenyooka kutoka juu hadi chini. Ncha za mbao hupakwa rangi au nta ili zisikauke kabla ya sehemu ya katikati. Juu huwekwa bati la kuzuia mvua na jua kali, na pande huachwa wazi ili upepo upite. Juu kabisa huwekwa mawe mazito ya kuzuia mbao kupinda.

Ili kujua kama ubao umekauka, fundi huchagua kipande kimoja, hukipima kwenye mizani kila wiki na kuandika uzito wake. Uzito ukikoma kupungua, ubao umefikia kiwango cha hewa ya mahali pale. Ubao wa unene wa inchi moja huchukua miezi kadhaa, na ulio mnene zaidi huchukua muda mrefu zaidi. Samani ikiwa inaelekea sehemu kame, mbao zake sharti zikaushwe zaidi ndani ya chumba chenye joto. Kwa sababu hii, fundi mwenye busara hununua mti wa mwaka ujao kwa faida ya mwaka huu.

Vifaa na usalama

Anayeanza hahitaji mashine. Msumeno wa mkono, randa, patasi tatu za upana tofauti, nyundo, keekee au drili, tepu, pembe ya kupimia, vibanio na jiwe la kunolea vinatosha kwa vigoda, meza ndogo, vibao vya chapati na fremu za picha. Anayechonga ataongeza tezo na visu. Jambo la kwanza la kujifunza ni kunoa. Patasi butu huteleza, na mikono mingi hujeruhiwa kwa kifaa butu kwa kuwa humlazimu mtu kutumia nguvu kupita kiasi.

Upasuaji wa magogo nao una gharama yake. Msumeno wa injini unaoshikwa kwa mkono bila kielekezi hupoteza sehemu kubwa ya gogo ikawa unga na makombo, na mbao hutoka na unene usiolingana. Ni heri kumlipa mpasuaji mwenye fremu ya kuuongoza msumeno, au kulipeleka gogo kwenye kiwanda kidogo cha kupasua mbao, kwa sababu mbao za ziada zitakazopatikana hufidia ada.

Vumbi la mbao si la kupuuzwa. Mwaka wa 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha unga wa mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Barakoa, kazi ya msasa kufanyiwa mahali penye upepo, na kuoga baada ya kushughulikia mgrivea ni kinga zisizogharimu mengi.

Hesabu inayowaangusha wengi

Fundi aliyejifunza mwenyewe mara nyingi huweka bei kwa kumtazama jirani. Hujumlisha pesa zilizotoka mfukoni, huongeza kidogo, na kinachobaki hukiita faida. Mfano ufuatao unaonyesha kosa lilipo.

Ikiwa meza ndogo imetumia mbao za Sh450, gundi, msasa na vanishi za Sh250, na usafiri wa Sh100, gharama ya mfukoni ni Sh800. Fundi akiiuza kwa Sh1,500 atasema amepata faida ya Sh700. Lakini ikiwa meza hiyo ilimchukua siku 2, na kodi ya kibanda pamoja na uchakavu wa vifaa ni Sh150, basi kilichobaki ni Sh550. Kwa maneno mengine, amejilipa Sh275 kwa siku, na biashara yenyewe haijapata chochote. Akipata kibarua cha Sh600 kwa siku, angekuwa amepata zaidi ya maradufu bila kuhatarisha mtaji wake.

Ili ajilipe hizo Sh600 kwa siku, meza hiyo haina budi kuuzwa kwa Sh2,150 kabla ya faida ya biashara kuongezwa. Ikiwa soko halikubali bei hiyo, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza muda kwa kutengeneza meza 5 au 6 kwa pamoja, vipande vyote vikikatwa kwa kigezo kimoja. Ya pili ni kuacha bidhaa ambayo kila kibanda kinaiuza na kutafuta ile ambayo mteja hailinganishi na nyingine, kama vile kigoda cha kuchongwa, bakuli la mwembe lililopakwa nta ya nyuki ya Mbeere, au sanduku la zawadi.

Daftari la Sh50 linatosha kuanzisha utaratibu huu. Kila kazi huandikiwa tarehe, gharama, saa zilizotumika na bei iliyouzwa. Malipo ya awali ya kiwango kisichopungua gharama ya vifaa ni ya lazima kwa kila kazi ya kuagizwa, kwa maana wapo wateja wanaoagiza kitanda na kutoweka.

Stakabadhi na fedha

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka wa 2016 inalipa Shirika la Huduma za Misitu, KFS, jukumu la kusimamia usafirishaji wa mazao ya misitu. Fundi anayenunua mti kwa mkulima anapaswa kuhakikisha idhini ya kukata imepatikana na kibali cha kusafirisha kimetolewa kabla gari halijaondoka shambani. Mbao zisizo na karatasi zinaweza kunaswa barabarani, na hasara hiyo huwa ya mnunuzi.

Jina la biashara husajiliwa kupitia mtandao wa eCitizen, na leseni ya kuendesha karakana hutolewa na serikali ya kaunti. Kuhusu kodi, Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023 iliweka ushuru wa asilimia 3 ya mauzo kwa biashara zinazouza kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka.

Ujuzi nao unaweza kupewa cheti bila ya mtu kurudi darasani kwa miaka mingi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, iliyoundwa mwaka wa 2011, husimamia mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambayo humpima mtahiniwa kwa kazi ya mikono. Aidha, mwaka wa 2024 Serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Cheti hicho kina manufaa pale fundi anapoomba zabuni ya madawati ya shule. Tangu 2013, asilimia 30 ya zabuni za Serikali hutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini mlango huo hufunguliwa tu kwa biashara iliyosajiliwa.

Kwa mtaji, Hazina ya Hasla iliyozinduliwa Novemba 30, 2022 ilianza kwa kutoa mikopo ya kati ya Sh500 na Sh50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Vyama vya akiba na vikundi vya merry-go-round pia vimewanunulia mafundi wengi vifaa vyao vya kwanza. Mkopo wa kununua randa au mbao za kukausha huweza kujilipa. Mkopo wa kupamba kibanda haujilipi.

Mkulima na fundi

Mgrivea huchukua takriban miaka 15 hadi 20 kufikia unene wa kutoa mbao nzuri. Mkulima aliyeutunza muda huo wote aghalabu huuza mti ukiwa umesimama, kwa haraka, karo ya shule inapohitajika. Hupokea bei ya chini, na thamani kubwa huongezewa mjini na watu asiowajua.

Hapo ndipo fundi wa kijijini ana nafasi ambayo mfanyabiashara wa mbali hana. Anamjua mwenye shamba, anaweza kukubaliana naye bei mapema na kumlipa kwa awamu, na anaweza kuusubiri mti ukomae. Wapo wanaoweka sharti kwamba kila mti unaoangushwa upandiwe miche miwili au mitatu. Fundi anayefanya hivyo hajitolei sadaka. Mbao atakazohitaji mwanawe, endapo atairithi randa, zinapandwa msimu huu wa mvua.